Unaficha bei ya chini, kisha unashangaa wateja wamekimbia: yaliyonikuta kunadi vitu mtandaoni hapa Dodoma

Mnadi wa Makole (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu.

Naishi Dodoma, Makole. Mwaka wa tatu sasa naendesha mnada mdogo wa WhatsApp. Kila Alhamisi saa 2 usiku nafungua, saa 3 kamili nafunga, kitu kimoja au viwili tu. Aliye juu saa 3 ikigonga ndiye mwenye mali. Kazi hii hapa mjini ina chakula chake kwa sababu Dodoma watu hawatulii. Tangu Serikali ihamie huku, kila mwezi kuna anayeletwa na kuna anayehamishwa, na anayehamishwa hana hamu ya kubeba kabati mpaka Kigoma.

Nataka tuzungumzie bei ya chini. Nina maana ya ile bei ambayo mwenye mali ameapa hashuki, wengine wanaiita rizevu. Ziko za aina mbili na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni ya wazi: unasema "tunaanzia laki nne", asiye na laki nne anakaa pembeni. Ya pili ni ya siri: unaanzia elfu hamsini ili watu wachangamke, lakini moyoni mwenye mali ana namba yake, na isipofikiwa hauzi. Hiyo ya siri ndiyo iliyonitia aibu.

Mwaka jana alinijia mtumishi mmoja, barua ya uhamisho mkononi. Friji ya milango miwili, imetumika miaka miwili, mlango wa juu una mkwaruzo kama wa funguo. Akaniambia, "Kaka, chini ya laki sita na nusu sitaki hata kusikia. Ila usiwaambie, waache wapande wenyewe."

Nikaanzia 100,000. Watu wakaingia kama nzige. Saa 2 na nusu tuko 340,000. Saa 2:51 dada mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, akaandika 480. Nami kwa uaminifu nikaandika: *Bei ya mwenye mali bado haijafika.*

Dada akauliza, "Inafika wapi?"

Nikajibu, "Siruhusiwi kusema."

Wakuu, kundi zima lilinyamaza. Pale juu naona *anaandika…*, inapotea, inarudi, inapotea. Kuna mmoja akatuma kikaragosi cha kucheka machozi. Saa 3 ikagonga, friji haijauzwa.

Usiku ule ule yule dada akaniandikia pembeni: "Mimi nilikuwa na 600 taslimu. Ila nikaona mnatupima tu, nikalala."

Wiki ya pili nikairudisha friji na siri ile ile. Walijitokeza watu watatu, wakaishia 410,000. Nadhani kila mtu alishajua kuwa ile friji haiuzwi, ile inaonyeshwa. Wiki ya tatu mwenyewe anasafiri Jumamosi, hana pa kuiacha. Akasema, "Tangaza laki nne wazi, atakayepanda achukue." Ikaenda kwa 530,000. Na yule dada wa 600 hakuandika hata neno.

Naendelea, ngoja nichaji simu.

---

Kibaigwa Boy

Nimekaa mkao wa kula. Ila mkuu, 530 si chini ya 650? Kwa hiyo mwenye friji alipigwa tu.

---

Mnadi wa Makole

Ndiyo swali lenyewe, mkuu. 650 ilitoka wapi? Nilimuuliza baadaye. Alinunua milioni moja na kidogo, akapiga hesabu ya nusu, akaongeza ya maumivu. Hakuna mahali alipojiuliza, "Nisipoiuza, nitaifanyia nini?" Siku ya Jumamosi ile friji kwake ilikuwa mzigo wa kulipia lori. Bei ya chini inatakiwa ianzie hapo, kwenye thamani ya kitu kikibaki mikononi mwako. Risiti ya duka ni historia.

Kabla hamjanishangilia, nisikilizeni na upande wa pili.

Baada ya friji nikalewa. Nikasema basi, mambo ya bei ya chini nimeachana nayo, kila kitu kinaanzia chini na kinaenda na soko. Ikaja cherehani ya mama mmoja wa Chang'ombe, ile ya kukanyaga kwa miguu, kichwa cheusi, meza yake nzima. Nikaanzia elfu 20. Usiku ule mvua ilishuka ya Dodoma ile isiyokuja mara nyingi lakini ikija inakuja na hasira, umeme ukakatika mitaa kadhaa, mtandao ukawa wa kubahatisha. Walikuwa wawili tu wanaopandiana, tena mmoja ujumbe wake ulikuwa unafika dakika tatu baadaye. Saa 3 ikagonga: 85,000. Mafundi nguo ninaowafahamu cherehani kama ile wananunua laki mbili na zaidi.

Nilimpelekea mama pesa yake mwenyewe. Akazihesabu, akazihesabu tena, akaniuliza, "Mwanangu, hii ni ya cherehani au ya meza?" Nilitoa elfu 60 mfukoni kwangu nikamwongezea, nikasema ni punguzo la kamisheni. Kamisheni yangu ilikuwa elfu nane.

Kwa hiyo simwambii mtu aache bei ya chini. Nataka tuelewane inafanya nini hasa.

---

Mwanachuo Mchovu

Mkuu umegusa mambo yangu, nilisoma uchumi. Niruhusu niweke hesabu, nitaifanya nyepesi.

Kwanza fikirini mnada kama wa eBay, ule wa Marekani ulioanza 1995. Pale huandiki dau moja moja usiku kucha. Unaiambia mashine kiwango chako cha juu kabisa, nayo inakupandia kidogo kidogo dhidi ya wengine na kusimama mara tu wanapoishiwa. Matokeo yake mshindi analipa karibu na kiwango cha yule *wa pili*, halipi kiwango chake mwenyewe. Aliyeuchambua mnada wa namna hii kitaalamu ni William Vickrey, mwaka 1961. Nobel akapewa 1996, akafariki siku tatu baada ya kutangazwa. Maisha haya.

Sasa ukishajua kwamba bei inawekwa na mtu wa pili, bei ya chini unaielewa mara moja: ni mteja wa pili uliyemtengeneza mwenyewe. Pale ambapo mteja mmoja ana 900 na anayemfuata ana 300, bila bei ya chini unaondoka na 300 hivi. Ukiwa na bei ya chini ya 500, unaondoka na 500. Ubaya wake ni kwamba huyu mteja wa kutengeneza hana pesa. Siku akishinda yeye, unabaki na mzigo wako.

Tuweke namba. Wateja wawili, kila mmoja kichwani ana kiwango chake popote kati ya 0 na 1,000,000, kwa nafasi sawa, na wewe kitu hicho kikibaki hakina faida kwako.

Bila bei ya chini: kwa wastani wa minada mingi utapata kama 333,000.

Ukiweka bei ya chini 500,000: mara moja katika kila mara nne wote wawili watakuwa chini yake na hutauza kabisa. Lakini zile mara nyingine zinafidia, wastani unapanda hadi kama 417,000.

Kwa hiyo kukubali kulala na mali mara moja moja kunalipa. Roger Myerson alilionyesha hili mwaka 1981, na Nobel yake ilikuja 2007. Na kuna jambo watu huwa hawaliamini: kwa mfano huu, bei nzuri ya chini ni ile ile 500,000 hata wateja wakiwa wawili, kumi au mia. Haipandi kwa sababu watu wameongezeka. Inategemea viwango vya wateja vimetawanyika vipi, na thamani ya kitu kwako. Kama kitu kikibaki kwako kina thamani ya 300,000, basi bei nzuri ya chini inapanda mpaka 650,000.

---

Mnadi wa Makole

Hahaha! 650 ya yule bwana wa friji! Kumbe ingekuwa sawa kama friji ingekuwa na thamani ya laki tatu kwake ikibaki. Bahati mbaya alikuwa anapanda basi.

---

Mwanachuo Mchovu

Sawasawa kabisa. Sasa subiri kipande kitamu. Chukua mfano ule ule, ondoa bei ya chini, ila ongeza mteja mmoja wa kweli. Wawe watatu. Wastani unakuwa 500,000.

Linganisheni wenyewe: wateja wawili na bei ya chini iliyopigwa hesabu na profesa, 417,000. Wateja watatu na hakuna bei ya chini, 500,000. Jeremy Bulow na Paul Klemperer waliliandika hili 1996, kwamba katika mazingira ya namna hii mteja mmoja wa ziada anazidi ujanja wote wa kupanga bei. Ndiyo maana ile siri yako ilikuumiza. Ilikupa mteja wa kutengeneza ikakufukuzia wateja wa damu.

---

Dalali Mstaafu

Vijana mnaongea vizuri, lakini mnanadi vyombo vya ndani. Mimi nimenadi nyumba na magari miaka mingi, nyundo mkononi, kabla haya ya mtandao hayajaja.

Huku kwetu bei ya chini si suala la kupenda. Nyumba ya rehani, Sheria ya Ardhi inasema mkopeshaji akiuza kwa bei iliyo pungufu kwa asilimia 25 au zaidi ya wastani wa bei ya soko ya mali zinazofanana, anachukuliwa kuwa hakutimiza wajibu wake mpaka athibitishe vinginevyo. Kwa hiyo namba unayo mfukoni kabla hujashika kipaza sauti. Huitangazi, maana ukiitangaza watu wanaigeuza kuwa bei ya kununulia.

Hapo ndipo siwakubalii. Ukitaja "laki nne", umewafundisha watu kwamba kitu ni cha laki nne na kidogo. Ukinyamaza, kila mtu anakuja na hesabu zake.

Na kuna hili la wapambe ambalo naona mwanzisha uzi amelikwepa. Wanadi wengi wa WhatsApp hawaweki bei ya chini, wanaweka shemeji. Shemeji anapandisha mpaka namba ya mwenye mali, watu wakifika hapo anapotea. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji anayetaka kujipandishia dau mwenyewe au kupitia mtu wake aseme wazi tangu mwanzo. Asiposema, mnunuzi anaweza kuyahesabu mauzo yale kuwa ya ulaghai. Watoto wa mjini hawajui.

---

Mnadi wa Makole

Mzee wangu shikamoo, na asante. La wapambe sikulikwepa, niliona aibu. Mwaka wa kwanza nilifanya mara mbili. Mara ya pili mpambe wangu alishinda meza ya kioo kwa 210,000, nikakaa na meza ya kioo ya watu sebuleni kwangu mwezi mzima. Tangu hapo nimekoma.

Ila mzee, kwenye hoja ya "ukitaja namba watu wanaigandia" nilikuwa nafikiri kama wewe. Mwanachuo, kuna mtu aliwahi kupima?

---

Mwanachuo Mchovu

Wapo, tena walipima kwa kadi za watoto. David Lucking-Reiley aliuza kadi za mchezo wa Magic kwenye mtandao enzi zile intaneti bado changa, nyingine akiziwekea bei ya chini ya wazi, nyingine bila. Alipoweka bei ya chini, wapandaji walipungua na kadi zilizobaki bila kuuzwa ziliongezeka, ila zilizouzwa ziliuzwa ghali zaidi. Hesabu ya vitabuni ikatembea.

Halafu yeye na Rama Katkar wakaenda eBay na kadi za Pokémon, jozi 50. Kila jozi kadi mbili sawa: moja bei ya chini ipo wazi kama bei ya kuanzia, nyingine bei ile ile imefichwa. Yaani swali lako na la mzee, sura kwa sura. Za siri ziliuzwa chache zaidi, wanunuzi wa maana walizikwepa, na kwa jumla muuzaji alipata kidogo zaidi.

Lakini mzee naye ana chake. Zile zilikuwa kadi za bei ndogo. Mtu anayetaka nyumba ameshalipia mthamini, ameshaleta wakili, haondoki kwa sababu umesema "bado". Mtu wa kadi ana kadi nyingine elfu za kuangalia. Friji ya laki tano iko karibu na kadi kuliko nyumba, kwa maoni yangu.

---

Zabibu Nyeusi

Uzi mtamu. Kaka naomba kuuliza, kwa nini watu wanakasirika wakiambiwa "bei haijafika"? Kimantiki nilikuwa tayari kutoa 500, kwa nini nisiseme 500 nione kama imefika?

---

Mnadi wa Makole

Dada yangu, nimeongea na wateja wangu kama kumi na tano kuhusu hili, kwa simu, mmoja mmoja. Majibu yao ni ya aina mbili.

Wapo wanaosema kukaa saa nzima macho kwenye simu ni gharama. Mtoto analia, chakula kinaungua, bando linakwisha. Mtu anakubali gharama hiyo akijua kuna atakayeondoka na friji usiku huu. Ukimwambia huenda hakuna atakayeondoka nayo, anaona afadhali akalale.

Wengine, na hawa ndio wengi, wanaona wametumika. Mmoja aliniambia maneno sijayasahau: "Umetuita tukakufanyie tathmini bure." Kwamba mwenye mali anataka kujua soko linasemaje, kisha kesho aende kumuuzia jirani kwa bei tuliyomsaidia kuipata. Na kweli wapo wanaofanya hivyo! Nimeshawahi kukuta kitu nilichonadi Alhamisi kimeuzwa Ijumaa pembeni, kwa elfu kumi juu ya dau la mwisho. Nimemfungia yule mtu.

---

Mkulima wa Manyoni

Habari zenu. Mimi ni mkulima wa ufuta, sijui kama naruhusiwa kuchangia, maana huku kwetu mnada wa mtandaoni si wa friji.

Sisi tunauza kupitia stakabadhi ghalani, mzigo uko ghalani chini ya AMCOS, yaani chama chetu cha ushirika, na mnada unafanyika mtandaoni kwenye mfumo wa Soko la Bidhaa, TMX. Makampuni yanaweka bei zao kila moja kivyake, muda ukiisha zinafunguliwa, tunasomewa bei ya juu na bei ya chini. Halafu sisi wakulima tunaulizwa: mmeridhia au hamjaridhia?

Hiyo nayo si bei ya siri? Tena ni siri ambayo hata sisi wenyewe hatuijui mpaka tuisikie bei. Mwaka 2018 wenzetu wa korosho kule Mtwara na Lindi walikataa bei zilizokuwa chini ya 3,000 kwa kilo, ikafika mahali Rais Magufuli akaagiza Serikali inunue kwa 3,300, na jeshi likaingia kusomba. Sasa nikiwasoma hapa mnasema siri inafukuza wateja. Je, sisi tukikataa tunajiumiza?

---

Mwanachuo Mchovu

Mzee, umeuliza swali gumu kuliko yote kwenye uzi huu. Nijaribu.

Mnada wenu una tofauti kubwa na friji. Friji kila mtu ana sababu zake: huyu ana familia kubwa, huyu anafungua duka la soda. Ufuta wote unaenda soko lile lile la nje, thamani yake ya kweli ni moja, kila kampuni inaikisia tu. Anayeshinda mara nyingi ndiye aliyekisia juu kuliko wote, na wachumi wanaita hiyo laana ya mshindi. Makampuni yanalijua, ndiyo maana yanapunguza dau mapema. Kwa hiyo bei mnayosomewa tayari ina woga ndani yake.

La pili, wanunuzi wenu ni wachache na wanafahamiana. Wakiamua kukaa meza moja, bila haki ya kukataa mmekwisha. Hapo bei ya chini inafanya kazi nyingine kabisa: si kumchuna mteja mmoja mwenye hamu, ni kuwafanya wanaokula njama waone kwamba njama haina faida. Kadiri mnavyoshuku meza hiyo ipo, ndivyo mnavyotakiwa kuwa wagumu zaidi.

Ila ningekuwa kwenye AMCOS yenu ningependa namba ijulikane kwenu *kabla* ya kufungua bei. Mkikaa mkutanoni mkiwa mmeshasomewa 3,100, kila mtu anafikiria kwa kuitazama hiyo 3,100. Aliye na ada ya mtoto anasema tuuze, aliye na akiba anasema tukatae, mnarushiana maneno.

---

Mkulima wa Manyoni

Umeniona nini kijana, hiyo ya ada ndiyo iliyotokea. Mwenye ada nilikuwa mimi.

---

Kibaigwa Boy

Wakuu huku Kibaigwa kwenye mahindi hakuna haya, mtu anatia mkono kwenye gunia, anatafuna punje, anataja bei, unakataa, anaondoka, anarudi. Hata Msalato pale wanaita mnada lakini ng'ombe ni mapatano tu, mnada halisi ni wa nyama choma Jumamosi, na huo bei ya chini anaiweka mchomaji.

---

Dalali Mstaafu

Sijashawishika na kadi za watoto wa Kizungu. Wewe Mnadi, kama una uhakika, fanya hapa hapa Dodoma. Vitu viwili vinavyofanana, kimoja siri, kimoja wazi. Kisha njoo na majibu, usituletee maprofesa.

---

Mnadi wa Makole

Nimekubali, mzee. Kuna mgahawa umefungwa huku Makole, wana meza mbili za mkongo, fundi mmoja, siku moja, urefu sawa, hata madoa ya chai yanafanana. Mwenyewe anasema 80,000 ndiyo bei yake ya chini kwa kila moja. Alhamisi hii moja naianzia 80,000 wazi. Alhamisi ijayo ya pili naianzia 10,000, na ile 80 naificha. Najua meza mbili hazithibitishi kitu, Mwanachuo usinianze.

---

Mwanachuo Mchovu

Nimekaa kimya. Ila wiki mbili tofauti ni tatizo, mshahara unaweza kuwa umetoka katikati. Nimesema nimekaa kimya.

---

Mnadi wa Makole

MREJESHO.

Alhamisi ya kwanza, meza ya wazi. Dakika 20 za mwanzo hakuna hata mtu, nikaanza kutokwa jasho, nikamwona mzee Dalali akicheka huko aliko. Saa 2:24 mama ntilie mmoja wa Majengo akaandika 80. Saa 2:40 kijana wa Nkuhungu 85. Wakapandiana elfu mbili mbili mpaka 97,000. Wapandaji walikuwa watatu tu.

Alhamisi ya pili, meza ya siri. Nilianzia 10,000, na jamani, ilikuwa sherehe. Wapandaji tisa. Mpaka saa 2:35 tuko 66,000. Mtu akauliza, "Mnadi, hii ina rizevu?" Siwezi kudanganya, nikasema ipo. Kutoka hapo wakabaki wawili. Ikaishia 74,000. Haijauzwa.

Nikajiandaa kuja hapa kifua mbele. Kabla sijaandika, asubuhi Ijumaa simu inaita. Ni yule wa 74,000, kijana wa UDOM, chuo kikuu cha hapa Dodoma. "Mnadi, niambie ukweli, ilikuwa ngapi?" Nikampigia mwenye meza kumwomba ruhusa, akasema mwambie tu. Nikamwambia 80. Akanyamaza kama sekunde tano hivi, akasema, "Nikitoa 90 unaniletea mpaka hosteli?"

Nimempelekea. Bodaboda ya mzigo 6,000, nimelipa mimi.

---

Dalali Mstaafu

90 kasoro 6 ni 84. Bado iko juu ya 80, na umepata wateja tisa kundini badala ya watatu. Nani kashinda?

---

Mwanachuo Mchovu

Mzee, 97 ni kubwa kuliko 84. Na usisahau yule kijana sasa anajua kuwa ukishindwa mnadani unapiga simu asubuhi. Alhamisi ijayo hatapanda kabisa, atasubiri asubuhi.

---

Mnadi wa Makole

Alhamisi iliyofuata hakupanda kweli. Amenipigia Ijumaa saa 1 asubuhi, anaulizia kabati. Nimemwambia limeshauzwa.

---

Zabibu Nyeusi

Limeshauzwa kweli au unampima?

---

Mnadi wa Makole

Limeuzwa dada, 160,000, lilianza 120 wazi. Alhamisi hii kuna kitanda cha mninga, tano kwa sita, hakina godoro. Naanzia 150,000, na namba nyingine hakuna.

---

Zabibu Nyeusi

Saa 2 nipo. Chaga zake nzima?

---

Mnadi wa Makole

Moja imepasuka kwa chini, picha nakutumia.